Barua Iliyoandikwa Baada ya Mazishi

Katika sharika zetu swali hili huulizwa zaidi na vijana, na mara nyingi kwa sauti ya chini. Kijana amerudi kutoka chuoni, ana rafiki asiyemwamini Mungu, rafiki mwenye akili na tabia njema, naye hajui amjibu nini. Wazee huwa na majibu mawili. Wapo wasemao, usijadiliane naye kabisa, utapoteza imani. Wapo wasemao, mkabili mbele za watu mpaka anyamaze. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini yana wazo moja chini yake: kwamba mwamini na mkana Mungu hawawezi kuketi wakapima hoja pamoja kama watu wazima, kati yao ni kimya au vita.

Mtume Petro hakufikiri hivyo. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawataka Wakristo wawe tayari kumjibu kila mtu anayewauliza sababu ya tumaini walilo nalo, na anaongeza kwamba wafanye hivyo kwa upole. Haagizi wamnyamazishe muulizaji. Lakini agizo ni jambo moja na kulitimiza ni jingine, na ndiyo maana nimeona vema tuiulize historia: jambo hili limewahi kutokea kweli, kati ya watu halisi waliokuwa na mengi ya kupoteza? Nitaeleza habari moja iliyotokea Uingereza kuanzia mwaka 1860. Mtu aliye katikati yake ni Thomas Henry Huxley.

Huxley alizaliwa 1825 huko Ealing, karibu na London. Shuleni alikaa kama miaka miwili tu. Mengi alijifundisha mwenyewe. Akasomea udaktari, akasafiri miaka minne katika meli iliyokuwa ikipima pwani za Australia, na aliporudi akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa viumbe hai wa wakati wake. Huko Sydney ndiko alikompata mke wake, Henrietta, mwanamke aliyekuwa na imani ambayo mumewe hakuwa nayo. Huxley alikuwa na ulimi mkali, na hakuwavumilia viongozi wa Kanisa waliohukumu mambo ya sayansi bila kuyasoma. Kama tungetafuta mfano wa mtu wa mazungumzo ya upole, hatungeanza na yeye.

Tukio linalomfanya akumbukwe mpaka leo ni la Oxford, Jumamosi tarehe 30 Juni 1860. Miezi saba kabla ya siku hiyo Charles Darwin alikuwa ametoa kitabu chake juu ya asili ya spishi, akifundisha kwamba aina za viumbe zimetokana na aina zilizotangulia kwa mabadiliko ya muda mrefu. Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kilikuwa na mkutano wake wa mwaka pale Oxford, na mamia ya watu walijaa ukumbini wakijua kutakuwa na mpambano. Darwin mwenyewe alikuwa mgonjwa, hakufika. Askofu wa Oxford, Samuel Wilberforce, alisimama kuipinga nadharia hiyo. Inasimuliwa kwamba katikati ya hotuba alimgeukia Huxley na kumwuliza kama ukoo wake na nyani unapitia kwa babu au kwa bibi. Huxley naye akajibu kwamba kama ni kuchagua, heri awe na babu nyani kuliko mtu mwenye vipawa na cheo anayevitumia kuleta mzaha katika jambo zito.

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na makofi. Maneno yenyewe hayakuandikwa neno kwa neno siku ile, na masimulizi ya waliokuwapo yanatofautiana. Tena kila upande uliondoka ukiamini umeshinda. Hata mtaalamu wa mimea Joseph Hooker, aliyesema baada ya Huxley, alimwandikia Darwin barua inayoonyesha wazi kwamba kwa maoni yake aliyemwangusha askofu ni yeye Hooker. Sisi tuliowahi kusimama kwenye mihadhara ya dini viwanjani, spika zikiunguruma na kila kundi likimshangilia mtu wake, tunaujua mkutano wa namna hiyo bila kuhitaji maelezo.

Kuna jambo moja la siku ile ambalo wasimuliaji hulisahau. Askofu Wilberforce alikuwa na hoja. Mwezi uliofuata jarida la Quarterly Review lilitoa uchambuzi wake mrefu wa kitabu cha Darwin. Humo anauliza mambo ya haki kabisa: mbona wafugaji, kwa karne zote walizochagua njiwa na mbwa, hawajawahi kupata spishi mpya? Mbona katika mawe hatuoni mabaki ya viumbe wa katikati? Darwin aliusoma uchambuzi huo, na katika barua kwa Hooker alikiri kwamba umeandikwa kwa akili na umegusa kwa ustadi sehemu za kitabu zilizojengwa juu ya kukisia. Basi askofu aliyeandika alisikilizwa na mpinzani wake mkuu. Askofu aliyefanya mzaha ukumbini alibaki katika historia kama mtu wa kuchekwa. Ni mtu yuleyule, na ni majira yaleyale ya kiangazi.

Mwezi Septemba wa mwaka huohuo msiba uliingia nyumbani kwa Huxley.

Mtoto wake wa kwanza, Noel, alikuwa amezaliwa usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1857. Usiku ule, akisubiri mkewe ajifungue, Huxley aliketi na kuandika katika shajara yake mipango ya maisha: atafanya kazi gani, atafika wapi ifikapo 1860. Mtoto alizaliwa dakika tano kabla ya saa sita, na baba akaandika kumshukuru Mungu. Sasa ni 1860 yenyewe. Mtoto alishikwa na homa ya vipele vyekundu, na katika muda wa saa 48 akafariki, usiku wa Jumamosi tarehe 15 Septemba, akiwa hajatimiza miaka minne. Baba alimbeba mpaka chumba chake cha kusomea na kumlaza pale alipokuwa akiandikia. Siku tano baadaye aliirudia shajara ileile, na chini ya mipango ya miaka minne iliyopita akaandika habari za kifo hicho, akamalizia kwa kusema, bila uchungu, amina.

Sijui wenzangu mnalisomaje neno hilo kutoka mkono wa mtu kama yule. Mimi silichukui kuwa ungamo la imani, maana barua yake ya siku chache baadaye inakataa kusomwa hivyo. Lakini silichukui pia kuwa mazoea matupu.

Kati ya waliomwandikia kumfariji alikuwamo Charles Kingsley, kasisi wa Kanisa la Anglikana katika kijiji cha Eversley, mwandishi wa riwaya, na mwaka huo huo alikuwa ameteuliwa kuwa profesa wa historia Cambridge. Kingsley hakuwa adui wa sayansi. Darwin alipomtumia kitabu kabla hakijaanza kuuzwa, Kingsley alimjibu kwamba kwake yeye ni jambo tukufu vilevile kuamini kwamba Mungu aliumba viumbe vya mwanzo vyenye uwezo wa kujiendeleza, na Darwin akayaingiza mawazo hayo katika toleo la pili bila kumtaja jina. Sasa kasisi huyu alimwandikia baba aliyefiwa barua ndefu na ya wazi, akigusia tumaini la uzima baada ya kifo.

Wengi wetu tumewahi kuandika barua kama hiyo, au kusema maneno yake katika nyumba ya msiba. Tunajua pia jibu la kawaida: asante mchungaji, tumefarijika. Mfiwa anaitikia hata kama hakuna neno lililoingia moyoni, kwa sababu kubishana wakati wa matanga ni kukosa adabu. Huxley hakufanya hivyo. Tarehe 23 Septemba alimjibu Kingsley kwa barua ndefu, na mwishoni akamwambia kwamba hajawahi kuzungumza kwa uwazi namna hiyo na mwanadamu mwingine yeyote isipokuwa mke wake. Barua hiyo tunayo kwa sababu mwanawe Leonard aliichapisha mwaka 1900, katika kitabu cha maisha ya baba yake.

Alisema nini? Kwanza, kwamba uzima wa milele haukani wala haukubali. Haoni sababu ya kuuamini, na hana njia ya kuthibitisha kwamba haupo. Pili, kwamba kulitamani jambo si ushahidi kwamba ni kweli, na kadiri anavyotamani kumwona tena mtoto wake ndivyo anavyopaswa kujihadhari zaidi asijidanganye. Hata kama angepoteza mke, watoto na jina lake, alisema, hatasema uongo. Tatu, na hapa ndipo panapouma, alimweleza Kingsley kilichotokea kaburini. Akiwa amesimama nyuma ya jeneza dogo, akili yake ikiwa mbali kabisa na mabishano, kasisi wa mazishi alisoma maneno ya Paulo kutoka 1 Wakorintho 15: kama wafu hawafufuliwi, basi tule na kunywa, maana kesho tutakufa. Yalimchoma. Alisikia anaambiwa kwamba kwa kuwa haamini ufufuo, na sasa amepotewa na mtoto, hana budi kujitupa katika ulafi kama mnyama. Hata nyani, aliandika, wakiuawa watoto wao huomboleza huzuni yao mpaka iishe, hawakimbilii karamu.

Msomaji anayekijua kifungu hicho ataona kwamba Huxley hakumtendea Paulo haki. Katika mistari ile Paulo anazungumza habari zake mwenyewe, jinsi anavyohatarisha maisha kila siku, na maneno ya kula na kunywa ameyachukua kwa nabii Isaya. Anauliza kama mateso yake mwenyewe yana maana bila ufufuo. Hawafundishi wafiwa wasio na imani jinsi ya kuishi. Hoja hiyo Huxley angeweza kujibiwa, na nadhani angeisikiliza. Lakini jambo moja halijibiki kwa ufafanuzi wa maandiko: kwamba maneno yaliyoandikwa kuwatia moyo walioamini, yaliposomwa juu ya jeneza la mtoto mbele ya baba asiyeamini, yalisikika kama tusi. Hilo ni jambo la kweli, na mtu pekee aliyeweza kulifundisha Kanisa alikuwa ni mtu wa nje ya Kanisa. Wahubiri wetu wa mazishi, ambao siku hizi husimama mbele ya watu wa kila namna, wangefaidika kulisoma.

Kuna sehemu nyingine ya barua ambayo haitajwi sana. Huxley aliandika kwamba hahitaji dhana ya malipo baada ya kifo, kwa sababu haki inalipwa hapahapa duniani: dhambi huvutwa kuelekea huzuni kwa uhakika uleule ambao dunia huvutwa na jua. Mtu asiyeamini anasema hayo, wiki moja baada ya kumzika mtoto asiye na kosa! Ayubu angembishia usiku kucha. Na hapa ndipo tunapoona kwamba hoja hufanya kazi, ingawa polepole kuliko tunavyotaka. Miaka 33 baadaye, Mei 1893, Huxley mzee alirudi Oxford kutoa mhadhara mbele ya chuo kikuu, na humo akasema karibu kinyume chake: mwendo wa maumbile haujali haki, na wajibu wa mwanadamu ni kupambana nao, si kuuiga. Hakugeuka kuwa Mkristo. Alikiacha kiti kimoja akahamia kingine, kwa sababu ushahidi ulimsukuma. Wenzake kadhaa wa upande wa sayansi hawakufurahi hata kidogo.

Kingsley hakumwacha baada ya barua ile. Waliendelea kuandikiana, na kila mmoja alibaki na msimamo wake mpaka Kingsley alipofariki Januari 1875.

Kati ya mwaka ule wa msiba na kifo cha Kingsley kulitokea jaribio kubwa zaidi, na hili halikuwa la watu wawili tu. Mwaka 1869 msanifu majengo aitwaye James Knowles, pamoja na mshairi Tennyson na Charles Pritchard, kasisi na mtaalamu wa nyota, walifikiria kuanzisha chama cha kuitetea imani dhidi ya wasioamini. Mmoja wa walioalikwa, mwanateolojia James Martineau, alikataa. Hawezi, alisema, kujiunga na chama cha kuwapiga watu ambao hawamo chumbani kujitetea. Wakaalikwe basi. Wakaalikwa. Ndivyo kilivyozaliwa chama kilichoitwa Metaphysical Society, na kwa miaka kumi na moja hivi watu hao walikula pamoja mara moja kwa mwezi jijini London, kisha mmoja akasoma hoja iliyokuwa imechapwa na kugawiwa mapema, na wengine wakaijadili. Jumla ya wanachama katika miaka yote ilikuwa 62. Alikuwamo Manning, askofu mkuu Mkatoliki wa Westminster ambaye baadaye akawa kadinali. Walikuwamo maaskofu wa Anglikana, na Gladstone, waziri mkuu. Upande wa pili walikuwa Huxley, mwanafizikia Tyndall, na baadaye kijana mwanahisabati, William Clifford.

Katika moja ya mikutano ya mwanzo palipendekezwa kwamba wajadiliane bila kulaumiana kimaadili kwa ajili ya maoni. Mkatoliki mmoja, W. G. Ward, akasema anakubali, lakini Wakristo wasitegemewe kuficha kabisa hofu kuu waliyo nayo maoni kama ya Huxley yakienea. Huxley akajibu kwamba naye basi, kwa haki hiyohiyo, itamwia vigumu kuficha anavyoona akili za watu zitakavyoshuka mawazo ya Ward yakikubaliwa na wote. Pakawa kimya. Kila mmoja alikuwa amesikia jinsi kauli yake inavyosikika ikirudi, na jambo hilo halikutajwa tena. Ward na Huxley wakawa marafiki. Mwana wa Ward anasimulia kwamba Huxley alipokwenda mara ya kwanza kula nyumbani kwao, alisogea dirishani akachungulia bustani. Alipoulizwa anatazama nini, akasema anatafuta nguzo ambayo bila shaka wameiandaa ili kumchomea baada ya chakula.

Ni katika chama hicho Huxley alipojitungia jina. Kila aliyeketi mezani alikuwa na jina la imani au falsafa yake, yeye peke yake hakuwa nalo. Hakutaka kuitwa mkana Mungu, kwa kuwa kukana nako ni kudai kujua. Akajiita agnostiki, yaani mtu anayesema kwamba jambo hili halijui. Neno hilo sasa lipo katika lugha nyingi za dunia.

Hoja kali kuliko zote waliyoletewa waumini pale mezani ilitoka kwa Clifford, Aprili 1876. Alitoa mfano wa mwenye meli anayejua kwamba meli yake ni kuukuu. Mashaka yanamsumbua, lakini anayafukuza: imesafiri mara nyingi salama, na Mungu atawalinda abiria, familia maskini zinazohamia nchi ya mbali. Anaiaga kwa moyo mweupe. Meli inazama, naye anachukua fedha za bima. Clifford akauliza: aliamini kwa moyo wa kweli, je, hana hatia? Msomaji anayeikumbuka MV Bukoba na mwezi Mei wa 1996 hataliona swali hili kuwa mchezo wa wasomi. Clifford akahitimisha kwamba ni kosa la kimaadili kuamini jambo lolote bila ushahidi wa kutosha.

Mwamini akijibu kwa hasira amekosa. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni yetu: manabii waliwakemea watu waliolitumia jina la Mungu kufunika uzembe na dhuluma. Sehemu ya pili ndiyo yenye mgogoro, maana mtu haolewi, hasamehi wala hamwamini rafiki kwa kusubiri ushahidi ukamilike. Jibu la namna hiyo ndilo alilolitoa mwanafalsafa Mmarekani William James mwaka 1896. Clifford hakulisikia. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1879, akiwa na miaka 33.

Chama chenyewe kilifungwa 1880. Tennyson alinung'unika kwamba baada ya miaka yote hiyo hawakufaulu hata kueleza maana ya neno lililo katika jina la chama chao. Huxley alitoa sababu nyingine: kilikufa kwa kupendana kupita kiasi.

Yeye mwenyewe alifariki tarehe 29 Juni 1895, akazikwa Finchley, kwa agizo lake, karibu na kaburi la Noel, penye mwaloni uliokuwa mche mtoto alipozikwa na sasa ulikuwa mti mkubwa. Ibada iliongozwa na kasisi aliyekuwa rafiki yake wa siku nyingi. Juu ya jiwe, kwa kutaka kwake, iliandikwa mistari mitatu ya shairi la mke wake. Inawaambia wanaolia wasiogope, kwa kuwa Mungu huwapa usingizi wapendwa wake. Na ikiwa apenda usingizi huo usiwe na mwisho, basi na iwe hivyo.